Basi la Skuli: Kadi, Kitufe cha Nyuma na Simu ya Mzazi

Septemba 2022, huko Al Wakrah nchini Qatar, msichana wa miaka minne alifariki baada ya kusahauliwa ndani ya basi la skuli yake ya chekechea. Abu Dhabi ilipata msiba wa namna hiyo Oktoba 2014, na Dubai Juni 2019. Gari lililofungwa juani hupanda joto takriban nyuzi 10 katika dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto hupata moto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Tangu hapo mabasi mengi ya skuli za Ghuba yamefungwa vifaa, na si vyote vyenye kazi moja. Cha GPS huonyesha kwenye simu basi limefika wapi. Kinamfaa mama asimsimamishe mtoto juani nusu saa, lakini kinajua habari za basi tu, za mtoto hakizijui. Kadi ya kugusisha ni bora zaidi: mtoto akipanda au akishuka, mzazi hupata ujumbe. Tabu yake ni kuwa mtoto mdogo huisahau mkobani, au mwenzake humgusishia kwa wema tu, na mashine ikaandika kuwa ameshuka naye bado amelala kiti cha nyuma.

Chombo cha maana kuliko vyote ni rahisi mno: kitufe kilichofungwa mwisho wa basi. Dereva akizima injini, king'ora hulia mpaka atembee hadi nyuma akakibonyeze. Kitufe hakimuoni mtoto, ila kinamlazimisha dereva kupita kila kiti. Vipo pia vihisi vya kugundua mtu anayejongea, lakini mtoto aliyelala hajongei sana.

Nchini Oman mabasi mengi ya skuli za serikali ni mali ya madereva wenyewe waliopewa mkataba, kwa hiyo vifaa vyaweza kutofautiana basi kwa basi. Muulize dereva au skuli: kitufe cha nyuma kipo? Msimamizi yupo?

Kisha uliza lililo kubwa zaidi: mtoto asipoonekana darasani asubuhi, nani anampigia simu mzazi, na saa ngapi? Ujumbe wa "ameshuka" huzoeleka hata mtu akaacha kuusoma. Simu inayouliza "mbona mwanao hakuja?" ikipigwa mara tu baada ya mahudhurio, bado kuna wakati wa kulifungua basi. Nawe siku mtoto anapobaki nyumbani, ijulishe skuli mapema, ili kutoonekana kwake siku nyingine kuwashtue.

Andikisha nambari mbili. Katika nyumba zetu nyingi anayempokea mtoto mchana ni bibi, na ujumbe wa Kiarabu au Kiingereza humwendea baba aliye kazini. Bibi apigiwe kwa sauti, hata kama simu yake ni ya vitufe.

Nje ya basi, Imarati humtoza dereva asiyesimama mbele ya alama ya kusimama ya basi la skuli dirhamu 1,000 na alama nyeusi 10.

Na mtoto mwenyewe afundishwe, basi likiwa limesimama nyumbani na dereva yupo: akiamka peke yake, aende kiti cha mbele abonyeze honi kwa nguvu, asiache. Magari mengi honi hulia hata injini ikiwa imezimwa.