Likidateri si mwenye nyumba



Leo tuko Bunia, katika kartie ya Saio. Jina hilo ndilo la mji wa Ethiopia ambako, Julai 1941, askari wa Kongo waliokuwa katika Force Publique waliwashinda Waitalia. Lakini vita tunavyozungumzia leo viko ndani ya lango: baba amefariki, paseli imebaki, na watoto wa tumbo moja hawasalimiani.

Ugomvi huo una historia. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Mfalme Leopold ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali yake. Sheria ya 20 Julai 1973 ikathibitisha kwamba udongo wote ni wa serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na cheti cha uandikishaji. Basi jiulize: karatasi za paseli ya baba yako ziko wapi?

Urithi nao umebadilika. Wakati wa Wabelgiji, mali ya Mwafrika iligawanywa kwa desturi ya ukoo. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema hivi: watoto, wa kike na wa kiume, waliozaliwa ndani ya ndoa au nje lakini baba akawatambua, wanapata robo tatu kwa mafungu sawa. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tena, mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Usimfukuze mama huyo baada ya matanga!

Na likidateri ni nani? Kwa kawaida ni mrithi mkubwa kwa umri, au yule ambaye warithi wamemchagua. Kazi yake ni kujua warithi wote, kutunza mali, kulipa madeni na kutoa hesabu. Anashika ufunguo kwa niaba ya wote. Nyumba haijawa yake.

Kumbuka Mei 2003. Wanamgambo walipigania Bunia, maelfu wakakimbia. Wengine waliporudi walikuta wageni nyumbani mwao. Sasa fikiri: mrithi mmoja amebaki, anauza paseli peke yake, na mnunuzi ni wa kabila lingine. Wadogo zake wanarudi. Je, watamlaumu kaka yao? Mara nyingi watamlaumu mnunuzi, kisha kabila lake. Hivyo kosa la ndugu mmoja linavishwa nguo ya kabila.

Kwa hiyo, kwanza, kaeni kikao cha familia, na dada zenu wawepo. Pili, andikeni mali na madeni, kila mmoja atie sahihi. Tatu, msiuze kabla warithi wote hawajakubali. Mkishindwa kupatana, nendeni tribunali, msichukue panga. Nawe unayenunua, uliza: warithi wengine wako wapi?

Amani ya Ituri inaanzia kwenye paseli yako.