Waliozaliwa 1993

Mei 2015 nililala siku tatu kwenye uwanja wa mpira. Ni ule uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma mjini, ambao wenyeji waliugeuza kituo cha kutupokea sisi tuliotoka Burundi. Tulikuwa tumetolewa Kagunga na meli ile ya zamani, Liemba, kipindupindu kikiwa nyuma yetu, na wengi wetu tulifika na nguo za mwilini tu. Asubuhi ya pili watoto walikusanya mifuko ya plastiki, wakafunga kamba, mpira ukapatikana. Wakacheza pembeni mwa foleni ya uji. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akanionyesha kidole: "Muangalie yule wa mguu wa kushoto. Yule atafika."

Nilicheka, kwa sababu neno hilo nimelisikia tangu utoto. Yule atafika. Kule kwetu Cibitoke kila avenya ilikuwa na mtu wake wa kufika. Cibitoke ninayoisema ni zone ya kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Ngagara, Mutakura na Kamenge, si ule uliokuwa mkoa wa mpakani na Kongo. Kila nikijaza fomu hapa Nyarugusu lazima nifafanue. Sisi wa kule tunajitambulisha kwa namba za avenya, na ekipi zetu za utotoni nazo zilikuwa za avenya: ya 6 dhidi ya 9, ya 11 dhidi ya 3, mpaka giza linaingia na mama wanaanza kuita majina mlangoni.

Kati ya wote walioambiwa watafika, sijui hata mmoja wa avenya yangu aliyefika. Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na majibu ya haraka yote nimeyasikia: pombe, wasichana, uvivu, uchawi. Mimi nataka kulijibu kwa historia, na sehemu moja ya historia hiyo ni kosa langu mwenyewe.

Nianze na 1995. Vijana wengi hapa kambini hawajui kwamba Burundi iliwahi kucheza Kombe la Dunia. La vijana, ndiyo, lakini la dunia. Mwaka ule timu yetu ya chini ya miaka 20 ilifika fainali ya Afrika kule Nigeria, ikafungwa na Kamerun, na kwa hiyo ikapata tiketi ya Qatar mwezi wa Aprili. Kundi letu lilikuwa na Hispania, Chile na Japani. Hispania walitufunga tano kwa moja, Japani mbili bila, na Chile tukatoka nao sare moja kwa moja. Kwenye timu ya Hispania alikuwepo Raúl. Kwenye ya Japani alikuwepo Nakata. Hao wawili walienda wakawa wachezaji wakubwa wa kizazi chao. Wetu walirudi nyumbani.

Sasa nyumbani kulikuwaje? Rais Ndadaye alikuwa ameuawa Oktoba 1993 na vita vimeanza. Kartie za kaskazini ziligawanyika: watu wa kabila moja walifukuzwa Ngagara na Cibitoke, wa kabila lingine wakafukuzwa Kamenge na Kinama. Siandiki nani alikuwa nani, mwenye kujua anajua. Mwisho wa Machi 1995, wiki chache tu kabla ya Qatar, ilikuwa zamu ya Bwiza na Buyenzi. Mwisho wa Mei na mwanzoni mwa Juni jeshi likaingia Kamenge, ikabaki tupu. Yaani wale vijana walipanda ndege katikati ya mambo hayo na kurudi katikati ya mambo hayo. Mwaka uliofuata nchi jirani zikatuwekea vikwazo, vikakaa mpaka Januari 1999.

Mchezaji wa miaka 19 anahitaji mambo ya kawaida kabisa: mechi ngumu kila wiki, chakula, kocha yule yule kwa miaka miwili au mitatu, na njia salama ya kutoka nyumbani kwenda tereni. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Mimi nilikuwa na miaka 11. Tereni niliyoipenda ilikuwa upande wa pili wa barabara ambayo hatukuruhusiwa tena kuvuka. Tulibaki kucheza wenyewe kwa wenyewe, wale wale kumi na wanne, tukijuana chenga zote. Ukicheza miaka mitano na watu unaowajua chenga zao, unadhani wewe ni fundi.

Palikuwa na sehemu moja ya kuchanganyika, Centre Jeunes Kamenge, kile kituo cha vijana cha mapadri Waksaveri, ambacho mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood. Huko vijana wa kartie za kaskazini walicheza pamoja hata wakati ambao wakubwa wao hawakusalimiana. Nilipoanza kwenda nilifungwa vibaya sana na watoto wa Kinama, na nakumbuka nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuielewa.

Tuje kwa mdogo wangu. Alizaliwa 1991. Alikuwa na mguu ambao mpaka leo nikiufikiria naumia. Mwaka 2005 kura zimepigwa, amani inarudi, mashindano ya watoto yanaanza tena, na mimi kama mkubwa ndiye niliyempeleka kumuandikisha. Kwenye karatasi niliandika 1993. Nikasema cheti kiliungua vitani. Nani atabisha? Mwaka 1993 ulikuwa mzuri kwa uongo, karatasi nyingi ziliungua kweli. Na sikuwa peke yangu, kila mzazi aliyekuwa kwenye mstari ule alipunguza kitu.

Miaka mitatu ile mdogo wangu alikuwa mfalme. Mwaka 2008, karatasi ikisema 15 na mwili ukisema 17, alikuwa akisukuma mpira mbele na kuukimbilia, anawapita watoto kama magari yaliyosimama. Hakujifunza kupokea mpira akiwa amebanwa. Hakujifunza kuangalia nyuma kabla mpira haujafika. Kwa nini ajifunze? Halafu wale wadogo wakabalehe, wakamfikia kimo, wakampita. Aliponiambia siku moja "kaka, siku hizi wananisoma", nilimwambia afanye mazoezi zaidi. Nilijua ukweli na sikuusema. Leo anaendesha baskeli ya teksi Bujumbura, goti moja likiwa bovu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lina maelezo yake. Watoto wawili wa miaka 13 halisi wanaweza kutofautiana ukuaji wa mifupa kwa miaka kadhaa, na kocha mwenye haraka humchagua aliyekomaa mapema akidhani ameona kipaji. Ukiongeza uongo wa karatasi juu yake, unazidisha. Tangu 2009 FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa mashine kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Wanafanya hivyo kuzuia udanganyifu, sawa. Lakini nadhani anayedanganywa zaidi ni mwenye karatasi.

Mwaka huo huo wa 1993, wa kweli, walizaliwa Bujumbura watoto wawili ambao walifika, au karibu. Wa kwanza ni Gaël Bigirimana. Familia yake ilifika Coventry, Uingereza, mwaka 2004 kuomba hifadhi. Hadithi yake inajulikana: alitumwa maziwa, akapita kwenye kituo cha vijana cha Coventry City, akaomba kujaribiwa. Mwaka 2012 alinunuliwa na Newcastle. Wa pili ni Saido Berahino. Baba yake aliuawa 1997. Akiwa na miaka 10 alisafiri peke yake kwenda Birmingham kumfuata mama yake. West Bromwich Albion wakamlea, na msimu wa 2014–15 alifunga mabao 20, manne yakiwa katika mechi moja ya Kombe la FA dhidi ya Gateshead. Novemba 2014 aliitwa timu ya wakubwa ya Uingereza, ingawa hakuingia uwanjani.

Septemba 2015, mimi nikiwa tayari hapa kambini ndani ya hema la watu wengi, simu moja ya jirani ndiyo iliyotuletea habari: klabu imekataa kumuuza Tottenham, na Berahino ameandika mtandaoni kwamba hatacheza tena chini ya mwenyekiti yule. Hema zima lilikasirika. "Amelewa sifa." "Mtoto hana shukrani." Nami nilisema hivyo hivyo. Baadaye alienda Stoke, na akakaa siku 913 bila kufunga bao kwenye mechi ya klabu. Mia tisa kumi na tatu. Watu walizihesabu.

Leo sisemi tena kwamba alilewa sifa, au sisemi hilo tu. Makosa aliyafanya. Lakini hebu fikiria kidogo. Mtoto aliyepoteza baba akiwa na miaka mitatu au minne, aliyevuka dunia peke yake, amepewa uwanja mmoja tu wa kuwa mtu. Siku mlango wa uwanja huo unapofungwa hana avenya ya kurudi. Sisi humu tunajua vizuri kijana anavyokuwa anapoambiwa "subiri" na mtu ambaye halazimiki kumueleza sababu. Tofauti ni kwamba wetu wanavunjika bila kuandikwa magazetini.

Septemba 2018 alivaa jezi ya Burundi kwa mara ya kwanza, ugenini Gabon, na akafunga. Tarehe 23 Machi 2019 tulitoka sare na Gabon hao hao pale Bujumbura, Cédric Amissi akiwa amefunga, na tukafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza katika historia. Nyarugusu nzima ilipiga masufuria. Nilikumbatiwa na mtu wa Kinama ambaye kwa miaka minne tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Kule Misri tulifungwa mechi zote tatu bila kupata bao, na wala sikuumia sana.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa mashirika, na msikasirike. Kila 20 Juni mnatuletea mipira, fulana na kikombe. Asanteni kwa kweli. Lakini mtoto hakui kwa siku moja ya mashindano. Ekipi zetu hazina usajili wowote. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 mpaka 21 vina haki ya fidia ya malezi, na akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya fedha inagawiwa kwa waliomlea. Kwa ekipi isiyo na karatasi ni sifuri. Na hata tukipata mchezaji, kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Kijana mmoja wetu aliitwa kujaribiwa mjini siku ya Jumamosi, kibali kikatoka Jumanne. Wale jamaa walikuwa wameshaondoka. Kabla ya kuleta mipira mingine, tusaidieni kalenda ya mechi za mwaka mzima, daftari la usajili lenye umri wa kweli, na kibali kinachotoka Ijumaa.

Vijana wangu hawamjui Raúl wala Nakata. Wanamjua Nestory Irankunda, na wana haki. Wazazi wake ni wakimbizi wa Burundi, yeye alizaliwa Kigoma hii hii Februari 2006 na kupelekwa Australia akiwa mchanga. Akiwa na miaka 17 Bayern Munich wakamsajili kutoka Adelaide, na huko hakucheza hata mechi moja ya ligi kwenye timu ya kwanza. Akaenda Grasshopper ya Zürich kwa mkopo, kisha 2025 Watford. Vijana walipokuja kuniuliza kama ameshaisha, niliwaambia ahesabu mechi, asihesabu majina ya klabu. Sijui kama walinielewa.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja na mwanawe kwenye uandikishaji wa mashindano ya block. Kijana wa kushoto, mwembamba, kazaliwa 2010. Mama akaninong'oneza: "Mwalimu, andika 2012. Wenzake wote wamepunguza, nawajua." Alisema kweli, hata mimi nawajua. Nilishika kalamu muda mrefu kiasi kwamba watu wa nyuma walianza kulalamika. Nikaandika 2010.

Mechi ya kwanza alicheza dhidi ya vijana wa ndevu. Aliangushwa kila alipogeuka, tukafungwa nne. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta tereni peke yake na mpira wa mifuko, akaniomba nimuonyeshe namna ya kupokea mpira mtu akiwa mgongoni. Tumefanya hivyo kila asubuhi tangu siku ile. Mama yake bado hanisalimii.