Mpaka wa Kenya na Somalia

Mpaka huu wa takriban kilomita 680 unaanzia Mandera, Kenya na Somalia zinapokutana na Ethiopia, na kuishia Bahari ya Hindi, baina ya Kiunga na Ras Kamboni. Hadi 1925 mpaka ulifuata Mto Juba, na Kismayu ilikuwa upande wa Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, ikiwa ni malipo ya kupigana upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wenyeji hawakuulizwa. Mstari mpya ukapita katikati ya koo za Kisomali zenye malisho na visima pande zote mbili. Pwani ukawagawa Wabajuni, wavuvi wenye lahaja yao ya Kiswahili, walioenea kutoka Lamu hadi Kismayu.

Kati ya 1963 na 1967, waliotaka Kaskazini Mashariki ijiunge na Somalia walipigana na serikali ya Kenya katika vita vya shifta. Vita vikaisha, shaka ikabaki. Msomali Mkenya akawa mgeni kwao: ili apewe kitambulisho ilimbidi kuhojiwa na kamati maalumu, utaratibu uliokuja kufutwa kwa tamko la rais Februari 2025.

Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, wakimbizi walimiminika Dadaab, kambi zilizokusudiwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 walikuwa zaidi ya 400,000. Oktoba mwaka huo jeshi la Kenya liliingia Somalia kupambana na kundi la wapiganaji la Al-Shabaab, na vituo rasmi vya mpakani vikafungwa. Baada ya watu 148 kuuawa na kundi hilo katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ulianza kujengwa uzio Mandera. Hadi wabunge walipotaka usimamishwe mwaka 2019, zilikuwa zimejengwa kilomita 10 hivi.

Biashara haikukoma. Ng'ombe wa Somalia waliendelea kufika soko la Garissa, na sukari ya magendo ilipita njia za panya. Aliyeumia ni mchuuzi aliyetaka kulipa ushuru, kwani hakuwa na kituo cha kuulipia. Mei 2023 nchi hizo zilikubaliana kufungua Mandera, Liboi na Kiunga kwa awamu. Julai, kufuatia mashambulizi mapya, Kenya iliahirisha mpango huo.