Honda Hamsini ya Mwalimu wa Fizikia

Wahariri wa jarida letu waliponiandikia kunitaka nitoe makala ya historia, nadhani walitarajia nizungumzie Boma la Wajerumani la mwaka 1897, au magofu ya Kaole, kwa kuwa ndiyo mambo yanayotarajiwa kwa mtu aliyesoma Bagamoyo kisha akasomea historia Mlimani. Watanisamehe. Habari nitakayoieleza ni ya pikipiki moja ndogo, Honda ya sentimita za ujazo 49, iliyokaa miaka 26 katika stoo nyuma ya maabara ya fizikia, na ambayo tangu Desemba 2023 inanguruma tena. Wenzangu tuliosoma pamoja wataikumbuka. Ninyi vijana mliopo shuleni hivi sasa mliikuta chini ya meza zilizovunjika, na wengine wenu, bila kujua, mmezolea takataka kwa ngao yake ya miguu, kwani ni ya plastiki na ndicho kitu pekee ambacho hakikushika kutu.

Ninayo sababu yangu ya kuiandika habari hii, nayo nitaisema mahali pake.

Bagamoyo ni mji ulioishi kwa miguu ya watu. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kutoka bara mpaka pwani hii, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanzia huko huko mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, mji wetu uliachwa kando ya njia. Tangu hapo aliyekuwa na kazi ya kuwafikia watu wa vijijini alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli, na barabara ya Dar es Salaam ilibaki ya vumbi kiangazi na ya tope masika mpaka lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa barabara ya namna hiyo, gari lilikuwa anasa, na pikipiki kubwa ilikula petroli nyingi. Pikipiki ndogo ndiyo iliyofaa.

Asili yake ni Japani. Mwaka 1956 Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walitembelea Ulaya wakaona jinsi watu wa kawaida walivyopenda baiskeli zenye injini. Fujisawa alitaka chombo ambacho hata mama wa nyumbani asingekiogopa, na ambacho mchukuzi wa chakula angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba sinia. Ndiyo maana klachi yake inajishika na kujiachia yenyewe, na mpanda anaingia katikati bila kurusha mguu juu ya tangi, jambo ambalo waliovaa kanzu au kanga wanalielewa bila kufafanuliwa. Super Cub ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Ile iliyoitwa C50, ambayo ndiyo yetu, ilifuata mwaka 1966. Kufikia mwaka 2017 jamii nzima ya Super Cub ilikuwa imetimiza milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichofikia idadi hiyo. Vilikuwapo vidogo zaidi, mathalani Welbike ya askari wa miavuli wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, iliyokunjwa ikaingia katika kasha la kutupwa kutoka ndegeni, na Monkey ya Honda wenyewe, iliyoanza mwaka 1961 kama mchezo wa watoto katika bustani ya burudani karibu na Tokyo. Lakini hivyo ni vya kuchezea au vya vita. C50 ni ya kazi.

Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa familia yake haipendi makuu, aliinunua katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo aliokatwa kidogo kidogo katika mshahara. Wakati huo nchi ilikuwa katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na walimu wa mchana wakawa walimu wa jioni pia. Mwalimu alikuwa akienda Kaole, Zinga, mara nyingine mpaka Kerege, na ubao mdogo mweusi umefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Sisi tuliomkuta miaka ya 1990 tulimkuta bado na Honda ile ile, na mlio wake ulitujulisha kutoka mbali kwamba ni wakati wa kuacha kelele darasani.

Sasa niseme langu. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu alikwenda msibani Dar es Salaam, akaiacha Honda barazani kwake. Ilikuwa mbalamwezi kamili, yaani siku za bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mbali hata ufuko ukawa kama uwanja wa ndege. Mimi na mwenzangu mmoja tuliisukuma mpaka pwani, tukapiga kiki, tukaenda kusini kwa furaha isiyo kifani. Karibu na mikoko ya Kaole gurudumu la nyuma likazama katika tope. Yeyote aliyezaliwa pwani anajua kwamba bamvua likiondoka mbali, hurudi kwa haraka. Kabla hatujaitoa, maji yalikuwa yamepita injini. Tulipoifikisha nchi kavu tuliimwagia maji ya kisima, tukaifuta kwa shuka langu, tukairudisha barazani kabla ya adhana ya alfajiri.

Mwalimu aliporudi alipiga kiki asubuhi nzima. Kisha akafungua oili, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, na mtu wa fizikia hahitaji kuambiwa maana yake. Mstarini aliuliza mara moja tu ni nani aliyeipeleka Honda baharini. Tulinyamaza. Hakuuliza tena. Kuanzia siku hiyo alikwenda kwa miguu na mwamvuli wake mpaka alipostaafu, na mimi nilimaliza shule, nikaenda Mlimani, nikaingia serikalini, nikaoa, sikuwahi kumwambia. Alifariki mwaka 2011. Mazishini nilisimama nyuma.

Mwezi Julai 2022 nilikuja shuleni kwa shughuli za umoja wetu, nikaonyeshwa stoo ili tushauri vipi vitupwe. Mkuu wa shule alikwisha kuiandika Honda katika orodha ya vyuma chakavu. Niliomba iondolewe katika orodha.

Kazi yangu ofisini ni majalada. Mtu wa majalada anajua kwamba ukurasa wa juu ni wa jana, na kadiri unavyofunua ndivyo unavyorudi nyuma. Injini ile ilikuwa vivyo hivyo. Tulipofungua kifuniko cha sumaku, mimi na fundi kijana wa bodaboda wa hapa mjini, ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kwangu: mchanga wa pwani, mweupe, umekauka katika pembe zote kama ulivyoingia usiku ule. Fundi akauliza, "Mzee, hii ilizama?" Nikamwambia ilizama. Akaendelea kufungua.

Chini yake kulikuwa na kurasa za Mwalimu mwenyewe. Gasketi ya ubavuni haikuwa ya kiwandani. Ilikatwa kwa mkasi kutoka jalada la daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha, na kwa nyuma ungeweza bado kusoma saba mara nane. Mpira wa petroli ulikuwa wa dripu ya hospitali, umekakamaa. Waya wa mafuta ulikuwa wa breki ya baiskeli, na mipira ya kukanyagia imechongwa kwa tairi la gari.

Vijana wanaweza kucheka. Wasicheke. Kati ya mwaka 1979 na 1984 nchi yetu ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara ya pili, na fedha za kigeni hazikuwapo. Magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Mwaka 1983 ilipokuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, wengi waliogopa kuonekana hata na bidhaa walizozipata kwa halali. Milango ilianza kulegezwa katika bajeti ya mwaka 1984. Kwa hiyo nikitazama gasketi ile naona mwaka wake kana kwamba umepigwa mhuri. Fundi alitaka kuitupa pamoja na taka. Tulibishana kidogo. Sasa imo katika fremu ya kioo, maabara.

Wapo wanaofufua vyombo vya zamani ili ving'ae kama vimetoka kiwandani jana. Kila mtu na raha yake, lakini mimi naona kufanya hivyo ni sawa na kuchoma jalada ukabakiza jina lake. Hatukupiga rangi mpya isipokuwa pale kutu ilipokuwa imetoboa bati. Kilichobadilishwa ni kile ambacho kingeua mtu au kingeiua injini.

Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Tulijaza dizeli na mafuta ya gia katika tundu la plagi, tukaiacha, na kila Jumamosi nilipotoka Dar es Salaam tulijaribu kuizungusha kwa spana. Jumamosi ya tano ilisogea upana wa ukucha. Chumvi ilikuwa imekula ukuta wa silinda mashimo madogo madogo, ikabidi ichongwe, na mwenzetu mmoja wa mwaka wetu anayefanya kazi Dubai akatuagizia pistoni iliyozidi nusu milimita, kutoka 39 ya asili. Mwenzetu huyo ndiye aliyekuwa amekaa nyuma yangu usiku ule wa bamvua. Nilipompigia simu kumweleza, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Vipimo ni vipi?"

Tangi lilikuwa na kutu ya unga. Tulitia kokoto na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, kisha tukalijaza maji ya ndimu kwa siku mbili, kama mama zetu wanavyosugua masinia ya shaba. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu, lakini ikiachwa hula na chuma chenyewe, ndiyo sababu tulisuuza kwa magadi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walilifanya hilo kuwa somo la kemia, na walilielewa kuliko sisi tulivyolielewa kwa chaki.

Mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Beringi huandikwa namba za kimataifa, kwa hiyo zilipatikana Kariakoo kwa mtu anayeuza za pampu za maji. Tairi za inchi 17 zipo, na plagi yake ni ile ile ya pikipiki za Kichina zenye injini ya kulala, ambazo kwa umbo ni wajukuu wa Honda hii. Honda wenyewe walitangaza mwaka 2024 toleo la mwisho la Super Cub 50. Wajukuu bado wapo. Pointi za moto tulizipiga msasa laini, tukaacha nafasi ya milimita 0.35. Betri hatukununua, kwa sababu C50 huwasha plagi kwa sumaku yake yenyewe.

Jumamosi ya pili ya Desemba 2023 fundi alipiga kiki mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alinipa mimi. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu kwa sababu ya mafuta tuliyoyatia ndani, ikazimika, nikapiga tena, ikashika. Mlio ni ule ule. Mpishi wa zamani wa shule, ambaye sasa haoni vizuri, alitoka jikoni akauliza Mwalimu amefika saa ngapi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mjane wake. Nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikamweleza yote tangu barazani mpaka mikoko. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akasema, "Alijua, mwanangu. Shuka lilikuwa na namba yako, mliliacha juu ya waya wa nguo, na lilikuwa na oili. Nilimwambia akupeleke kwa mkuu. Akasema mtafukuzwa, na mtihani u mwakani." Akaniuliza kama shuka nililirudishiwa. Nikasema ndiyo, nililikuta kitandani, limefuliwa. Nilidhani dobi.

Honda imewekwa maabara. Haiendi barabarani, kwani haina namba mpya wala bima, na breki ya mbele si ya kuamini. Kila Jumamosi saa nne kidato cha tatu huiwasha kwa dakika kumi ili oili izunguke, na kuna daftari la kutia sahihi. Tunapungukiwa waya wa spidomita, viatu vya breki ya mbele na kioo cha taa ya nyuma. Mwenye navyo, au anayejua vilipo, aje navyo siku ya mkutano wetu, au amkabidhi mwalimu wa maabara.