BAA ILIYOGOMA KUBAGUA: Usiku Wamarekani walipopigana risasi wao kwa wao nchini Uingereza

Mwishoni mwa miaka ya 1980, fundi mmoja alikuwa kwenye kazi zake za ukarabati katika jengo la benki, mji mdogo unaoitwa Bamber Bridge, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Kazi ya kawaida tu. Katika pitapita zake akakuta matundu ukutani. Siyo ya misumari. Yalikuwa matundu ya risasi.

Sasa hapo ndipo swali linapokuja. Askari wa Hitler hawakuwahi kukanyaga Bamber Bridge hata siku moja. Nani basi alikuwa anamimina risasi katikati ya mji?

Jibu: Wamarekani. Na waliokuwa wanawapiga ni Wamarekani wenzao.

Maneno matamu ya 1776

Ili kuielewa stori hii, lazima urudi nyuma kidogo. Marekani ilipojitangazia uhuru kutoka kwa Mwingereza mwaka 1776, iliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Maneno matamu kweli kweli. Ila aliyeshika kalamu kuyaandika alikuwa anamiliki watumwa nyumbani kwake. Utumwa ulikuja kufutwa nchi nzima mwaka 1865, lakini majimbo ya kusini yakatunga sheria za kutenganisha watu: shule za weusi huku, za weupe kule, viti vya basi mbalimbali, hata bomba la maji ya kunywa kila mtu na lake.

Desemba 1941 Marekani ikaingia Vita Kuu ya Pili. Vijana wakaambiwa wanakwenda kupigania uhuru wa dunia. Jeshi lenyewe sasa: weusi kivyao, weupe kivyao. Mpaka damu ya kuchangia majeruhi ilitenganishwa kwa rangi ya aliyeitoa, utadhani damu ina rangi mbili.

Januari 1942, kijana mmoja mweusi wa miaka 26, mfanyakazi wa kantini katika kiwanda cha ndege huko Wichita, jimbo la Kansas, akaandika barua kwenye gazeti la watu weusi. Hakuwa mwanasiasa wala staa. Hoja yake ilikuwa hivi: kama mweusi anatakiwa kufa kwa ajili ya nchi, basi ushindi uwe mara mbili, mmoja dhidi ya maadui wa nje, mwingine dhidi ya wabaguzi wa ndani. Gazeti likaikamata hoja hiyo na kuifanyia kampeni, na alama ya V mbili ikasambaa Marekani nzima. Kwa lugha ya sasa, ilitrendi.

Wageni wa Bamber Bridge

Mwaka uliofuata, kikosi cha madereva wa malori cha jeshi la Marekani kilikuwa kimepiga kambi Bamber Bridge. Askari wake weusi, maofisa wao karibu wote weupe. Kazi yao ilikuwa kusambaza vifaa kwenye vituo vya ndege za kivita. Jioni wakimaliza, wanashuka mjini kupata moja baridi, moja moto.

Wenyeji wakawapenda. Madereva wale walikuwa wachangamfu, wanaheshimu watu, wanakaa na wazee wa pale wanapiga stori. Hapo ndipo picha linaanza, maana makamanda wa Kimarekani hawakufurahishwa. Wakawataka wenye baa waweke ubaguzi kama ule wa kwao, ili mweusi na mweupe wasinywe pamoja.

Inasimuliwa kwamba baa tatu za mji zikaitikia agizo hilo kwa namna yao. Zikabandika tangazo mlangoni: ASKARI WEUSI TU.

Fikiria hapo. Jeshi kubwa limetoa maelekezo, na mwenye baa, mtu ambaye jina lake halimo kwenye kitabu chochote cha shule, anajibu kwa kipande cha karatasi. Hakutoa hotuba wala hakuitisha waandishi wa habari.

Usiku wa Juni 24, 1943

Siku nne kabla, Juni 20, vurugu za rangi zilikuwa zimelipuka Detroit, Marekani. Watu 34 walikufa, 25 kati yao weusi. Habari zilikuwa zimeshawafikia askari, kwa hiyo mioyo ilikuwa moto kabla hata ya bia kufunguliwa.

Usiku huo askari weusi walikuwa wanakunywa na wenyeji katika baa iitwayo Ye Olde Hob Inn. Muda wa kufunga umekaribia. Polisi wa jeshi wawili, weupe, wakaingia kumkamata askari mmoja. Kosa? Hakuwa amevaa sare inayotakiwa. Basi. Ukabishi ukaanza. Na waliokuwa ndani, Waingereza weupe, wanawake wa jeshi lao wakiwemo, wakasimama upande wa weusi na kuwauliza polisi hao kisa cha kusumbua watu ambao hawajafanya kitu.

Polisi wakaondoka, lakini wakaenda kuongeza nguvu. Wakawavizia wale jamaa barabarani wakirudi kambini. Ugomvi ukawaka, bastola zikatolewa, askari weusi wakapigwa risasi.

Habari zikafika kambini kabla ya majeruhi: polisi wanatuua! Maofisa wakajaribu kutuliza hali, na kidogo wafanikiwe. Ila karibu na saa sita usiku polisi wa jeshi wakatokea na gari la kivita lenye bunduki ya rashasha. Hapo uvumilivu ukaisha. Madereva wakavunja ghala na kuchukua bunduki, wakawaambia raia wakae ndani, na risasi zikarindima gizani hadi karibu na alfajiri.

Palipokucha, askari mmoja mweusi alikuwa amekufa na watu saba wamejeruhiwa. Alikuwa kijana aliyevuka bahari nzima kwenda kupigana na Wajerumani, akauawa na risasi ya nyumbani.

Askari 32 walitiwa hatiani kwa uasi na makosa mengine. Wote walikuwa weusi. Lakini hata jenerali aliyekuwa juu yao alipopitia mambo yale, sehemu kubwa ya lawama aliiweka kwa maofisa wabovu na polisi wa jeshi wenye chuki za rangi. Maofisa wabaguzi wakaondolewa, doria zikachanganywa weusi na weupe, na vifungo vikapunguzwa. Magazeti ya wakati wa vita yalibanwa, stori ikazikwa. Ndiyo maana fundi wa benki alishangaa.

Usimpigie Mwingereza makofi mapema

Ukiishia hapo utasema Waingereza walikuwa malaika. Subiri kidogo.

Mwaka 1942 serikali ya Uingereza iliujadili ubaguzi wa jeshi la Marekani mpaka kwenye baraza la mawaziri. Msimamo ukawa: polisi wetu hatutawatumia kuwabagulia watu, lakini nyie mkibagua wenyewe hatutawazuia. Ni sawa na jirani anayesikia mtoto anapigwa, anafunga dirisha, halafu anasema yeye hakumpiga.

Tena wakati tangazo lile limebandikwa mlangoni Bamber Bridge, bendera ileile ya Uingereza ilikuwa inapepea Nairobi, ambako mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake, na kulikuwa na hoteli ambazo Mwafrika aliingia kama mtumishi tu. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa wanavaa sare za KAR, na mwaka 1944 wakapelekwa kupigana na Wajapani kwenye misitu ya Burma. Mshahara wao? Haukuwa sawa na wa askari mzungu.

Agosti 1941 Churchill alikuwa ametoa pamoja na Rais Roosevelt tamko kwamba kila watu wana haki ya kuchagua serikali yao. Mwezi uliofuata akafafanua bungeni kwamba walichokuwa nacho akilini hasa ni nchi za Ulaya zilizokaliwa na Hitler. Sisi wengine tusubiri.

Na weusi walipoacha kuwa wageni wa vita wakawa majirani wa kudumu, milango mingi Uingereza ikaanza kufungwa. Mji wa Bristol, hadi mwaka 1963, kampuni ya mabasi iligoma kuajiri weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta. Vijana wakaanzisha mgomo wa kutopanda mabasi hayo. Miezi minne baadaye kampuni ikasalimu amri. Tarehe ilikuwa Agosti 28, 1963, siku ileile ambayo Martin Luther King alisimama Washington kuhutubia umati kuhusu ndoto yake. Nchi mbili, bahari katikati, deni moja. Uingereza ikatunga sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi mwaka 1965. Marekani ilikuwa imeamuru kuondoa utengano jeshini mwaka 1948, miaka mitano baada ya risasi za Bamber Bridge.

Tunu za taifa zinakaa wapi?

Kila nchi ina maneno yake ya kujivunia. Mmarekani atakuonyesha tamko la 1776. Mwingereza atakuambia habari za haki na ustaarabu. Maneno hayo siyo ya bure, maana hata kijana wa kantini wa Wichita aliyashika hayohayo kuwadai wenye nchi yake. Lakini karatasi haijitekelezi. Inasubiri mtu, siku fulani, saa fulani, mlangoni kwake, aamue.

Usiku ule Uingereza halisi haikuwa bungeni London. Ilikuwa kwa mwenye baa na wanawake waliosimama mbele ya polisi. Na Marekani halisi ilikuwa mikononi mwa madereva waliokataa kuonewa, kuliko kwa wale waliotumwa kuwakamata.

Baa ile bado ipo. Matundu yale yalidumu ukutani zaidi ya miaka 40 kabla ya mtu kuuliza yametoka wapi.

Je, wewe ungekuwa mwenye baa, na jeshi zima limekupa amri, ungebandika tangazo gani? Dondosha maoni yako hapo chini.