Sitini na Nne na Madaktari wa Indiana

Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64 la nyanda za Uasin Gishu, na mpaka leo wako wazee wa Eldoret wanaouita mji wao Sisibo, jinsi ulimi wa Kikalenjin ulivyoibadili hesabu hiyo ya Kiingereza. Hospitali ya mji ilianza mwaka 1917, ikiwa ndogo, ya vitanda 60. Naanzia hapo makusudi. Habari za vyuo vikuu vya tiba kuvuka bahari huanzia kwa mgeni aliyevuka, na mwenyeji aliyempokea huja kutajwa mwishoni, kama hakusahauliwa kabisa.

Kuvuka huko si jambo la jana. Wakfu wa Rockefeller ulizindua chuo chake cha tiba mjini Peking mwaka 1921. Hospitali za Chuo Kikuu cha Pittsburgh zilifanya mapatano na serikali ya Sicily mwaka 1997, wagonjwa wa kisiwa hicho wakaweza kubadilishiwa ini pale Palermo badala ya kusafiri mbali. Cornell iliingia Doha mwaka 2001, na Cleveland Clinic ikafungua hospitali Abu Dhabi mwaka 2015. Palermo, Doha na Abu Dhabi, mwenyeji alikuwa na uwezo wa kulipa. Eldoret haikuwa hivyo, na ndiyo maana kisa chake kinanivuta zaidi.

Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984. Wakati huo nchi nzima ya Kenya ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1967. Mkuu wa kwanza wa kitivo kipya cha afya, Haroun Mengech, daktari wa magonjwa ya akili, alitaka wanafunzi wajifunze vijijini tangu mapema, si kusubiri wamalize vitabu ndipo waonyeshwe mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wanne wa Chuo Kikuu cha Indiana, Robert Einterz, Charles Kelley, Joe Mamlin na David Van Reken, walikuwa wakitafuta mwenzi wa kufanya naye kazi. Mwaka 1990 kitivo kikapokea wanafunzi wake wa kwanza, Waamerika hao wakiwa upande wa Mengech.

Mapatano yao hayakuhusu jengo wala jina la mgeni juu ya lango. Daktari wa Indiana angehamia Eldoret na kuishi huko, afundishe na kupita wodini kila siku. Wanafunzi wa Indianapolis wangekuja Eldoret, na wa Eldoret wangekwenda Indianapolis. Kwa miaka kumi kazi ilikuwa hiyo: kufundisha. Wenye haraka wataiona ni miaka mingi mno. Mimi naiona ndiyo iliyobeba yote yaliyofuata, kwa kuwa ugonjwa ulipofika uliwakuta watu wanaofahamiana tayari.

Na ugonjwa ulifika. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Wodi za Eldoret zilijaa vijana waliokondeana, na madaktari hawakuwa na cha kuwapa zaidi ya kutuliza maumivu. Mwaka 2000 mmoja wa waliolala humo akisubiri kufa alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi chenyewe. Mamlin, ambaye alikuwa amestaafu kazi Indiana na kurudi Eldoret, alimkuta pale akiwa amebaki mifupa. Zikatafutwa fedha, zikanunuliwa dawa za kupunguza makali ya virusi. Kijana yule akaanza kula, kisha akasimama, kisha akatembea. Mtu aliyekwisha kuliliwa alikuwa akipita tena koridoni, na baada ya kuonekana hivyo, wagonjwa wa vitanda vya jirani hawakuweza tena kuambiwa kwamba hakuna la kufanya.

Hapo ndipo mafunzo yalipogeuka kuwa huduma. Mwaka 2001 ulianza mpango uliojulikana kwa jina la AMPATH, kwa kliniki mbili: moja katika hospitali kuu ya Eldoret, nyingine Mosoriot, kituo cha afya cha serikali kwenye barabara ya kwenda Kapsabet. Mwezi Februari mwaka huohuo kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa za mwaka mzima za mgonjwa mmoja kwa dola 350, ilhali za kampuni za Magharibi zilipita dola 10,000. Bei ilikuwa inaanguka, lakini wakubwa wengi hawakuamini kwamba mwanakijiji angeweza kufuata matibabu. Mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alitoa hoja mwaka huo kwamba Waafrika wengi hawajui saa, hivyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati wake. Maneno hayo yaliumiza, na bado yanaumiza. Sisi ambao siku yetu inahesabiwa tangu jua linapochomoza, saa moja asubuhi na saa moja jioni ni miadi anayoijua hata mtoto wa kuchunga mbuzi.

Mosoriot ilijibu kwa kazi. Pale kituoni palikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa, zikisaidiwa na betri za nguvu za jua umeme ulipokatika. Mgonjwa alifika kwa karani, akaandikishwa, akapewa karatasi aliyotembea nayo kutoka chumba hadi chumba. Muuguzi akaijaza, mtu wa maabara akaijaza, na kabla mgonjwa hajatoka, karani aliiingiza yote kwenye kompyuta. Kabla ya hapo habari zake zilikuwa zimetawanyika katika madaftari makubwa, kila chumba na lake. Katika kazi hiyo ndimo ilimochipuka, mwaka 2004, programu ya OpenMRS, ambayo leo inatunza kumbukumbu za wagonjwa katika nchi nyingi duniani.

Tatizo lililofuata lilikuwa njaa. Mgonjwa akianza kupona hutaka kula, na nyumbani hakuna kitu. AMPATH ikalima mashamba, na daktari wa kliniki akawa anaandika chakula kwenye karatasi kama anavyoandika dawa. Kuanzia mwaka 2007 washauri nasaha walikwenda nyumba kwa nyumba kupima VVU. Fedha nyingi za upanuzi huo zilitoka Marekani kupitia USAID, shirika lilelile lililowahi kuwa na shaka na saa zetu. Mfumo uliotengenezwa Eldoret umekwishapelekwa Tamale nchini Ghana, Puebla nchini Mexico na Dhulikhel nchini Nepal, kila mahali chuo kikuu cha Marekani kikishika mkono hospitali ya wenyeji.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na hofu ikaingia kliniki zote za Kenya zilizotegemea fedha hizo. Mosoriot, hata hivyo, haikuwa mali ya Indiana hata siku moja. Ni kituo cha umma, kiko chini ya Kaunti ya Nandi, nacho kilikuwapo kabla Waamerika hawajafika.