Kiti cha Kamukunji: Historia ya Uchaguzi Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu, baada ya hesabu za mfuko wa maziko kusomwa na kukubaliwa, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jawabu siku ile. Alisema: Je, katika mji huu sisi tu wageni au tu wenyeji? Na kama tu wenyeji, mbona kila uchaguzi ukifika wengi wetu hupanda mabasi kwenda kupiga kura makwao, na kiti cha mtaa tunamolala tukawaachia wengine? Kijana mmoja akaongeza ya kwamba ingefaa chama kimteue mtu mmoja wa kwetu, na wanachama wote waamriwe kumfuata. Maneno yakawa mengi, na jua likatua. Ndipo Halmashauri ikaagizwa iyatazame mambo ya zamani kwanza, kisha iseme. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Mitaa tunayoisema ni Pumwani na Majengo yake, Shauri Moyo, Muthurwa, Gikomba na Eastleigh. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika. Watu wa kila kabila walikaa humo, wakazaa na kuzikana humo, lakini kwa miaka mingi Serikali ya Koloni iliwahesabu kuwa wapitaji tu. Mtu akikosa kazi alitakiwa arudi kwao. Kwa hiyo hapakuwa na haja, kwa fikira za watawala, ya kumwuliza mtu wa Pumwani anataka mjumbe gani.

Katika Baraza la Kutunga Sheria Waafrika walisemewa na Wazungu hadi Oktoba 1944, Gavana alipomteua Bwana Eliud Mathu. Hata yeye aliteuliwa tu; hakupigiwa kura. Kura ya kwanza ya Waafrika ilikuja Machi 1957, nchi ikiwa ingali katika Hali ya Hatari. Viti vilikuwa 8 kwa Kenya nzima, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Nairobi.

Na kura yenyewe haikuwa ya kila mtu. Aliyetaka kuandikwa ilimpasa awe na sifa: elimu ya kiasi kilichowekwa, au mapato ya pauni 120 kwa mwaka, au mali ya pauni 500, au utumishi mrefu, na mengine ya namna hiyo. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura mbili, hata tatu, na jirani yake mchukuzi asiwe na hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa tena hati ya uaminifu kwa Serikali. Tusisahau kwamba Aprili 1954 askari walikuwa wameuzunguka mji na kuwaondoa Wakikuyu kwa maelfu, wakapelekwa vizuizini au makwao. Kwa hiyo wengi wa watu waliokuwa wameujenga mji huu hawakuwamo katika daftari lake la kwanza.

Walioshindana zaidi walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bwana Argwings-Kodhek, wakili, aliyewatetea washitakiwa wengi wa Mau Mau, na kiongozi wa chama cha siasa cha Wilaya ya Nairobi. Maana vyama vya nchi nzima vilikuwa vimekatazwa. Wa pili ni Bwana Tom Mboya, kijana wa miaka 26, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, ambaye zamani alikuwa bwana afya wa Baraza la Mji na katibu wa chama cha watumishi wenzake. Wote wawili walikuwa Wajaluo. Mboya alishinda kwa kura zisizofika 400. Hapo twaona jambo la kwanza: katika kura ya kwanza kabisa ya mji huu, aliyetaka kumchagua mtu kwa kabila lake hakupata msaada wowote katika jambo hilo. Ilimbidi apime maneno yao na kazi zao.

Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960, na Wakikuyu wakarudi mjini kwa wingi. Mwaka ule ule wajumbe walikutana London, wakapatana juu ya katiba mpya. Masharti ya kura yakalegezwa: aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyepita miaka 40, aliweza kuandikwa. Uchaguzi ukafanywa Februari 1961, na mitaa yetu ikawa katika kiti kilichoitwa Nairobi Mashariki.

Tungependa tukae kidogo juu ya uchaguzi huu, maana ndio unaolijibu swali la mkutano wetu kuliko mwingine wote. Safari hii wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Aliyemkabili Mboya alikuwa Daktari Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo mashuhuri, tabibu aliyeheshimiwa. Wote wawili walikuwa watu wa KANU. Wako waliosema kwamba sasa Mboya amekwisha, kwa kuwa mlango ambao ulikuwa umefungwa mwaka 1957 umefunguka, na watu watarudi kwa damu yao. Kura zilipohesabiwa Mboya alikuwa na 31,407, na Daktari Waiyaki 2,668.

Haikuwa kwamba watu wale walimdharau Daktari. Aliendelea na siasa, akawa mjumbe wa Mathare, na tangu 1974 hadi 1979 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Wala hawakulisahau kabila lao. Ila walimjua Mboya kwa kazi. Alikuwa amesimama upande wa wafanyakazi wakati viongozi wengine wamefungwa. Mwaka 1959 alikuwa amefanya mipango hata vijana 81 wakasafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Alizaliwa katika shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi, akakua akisema Kikuyu na Kikamba pamoja na lugha ya wazazi wake. Mpiga kura wa Shauri Moyo alimwona kuwa mtu wa maisha kama yake, na akaamua hivyo peke yake, penye pazia, bila kuamriwa na chama chochote cha kwao. Na vyama vya makabila vilikuwapo, tena vyenye nguvu kuliko hiki chetu.

Mei 1963 kila mtu mzima alipata kura yake moja. Nairobi ilikatwa kuwa viti kadhaa, na Mboya akapata kile cha Nairobi ya Kati. Baadaye mipaka ilichorwa upya, na kiti cha mitaa hii kikachukua jina la Kamukunji, uwanja ambao watu walikuwa wakikutania kusikiliza viongozi wao tangu siku za kupigania uhuru. Leo Wakenya huita mkutano wowote wa kushauriana kamukunji, wala wengi hawajui neno limetoka wapi.

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa msiba. Januari, Argwings-Kodhek alikufa katika ajali ya gari. Tarehe 5 Julai, Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya mji alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Basi wale wawili walioshindana mwaka 1957 hawakuuona mwisho wa mwaka ule. Kifo cha Mboya kilitia ufa kati ya jirani na jirani, na hatuwezi kusema kwamba ufa ule umeziba wote.

Miaka iliyofuata chama kilikuwa kimoja, na kwa vipindi kadhaa mjumbe wa Kamukunji alikuwa Bwana Maina Wanjigi. Hatutakaa sana hapo, ila kwa jambo la mlolongo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa chama, wapiga kura waliambiwa wajipange mistari hadharani nyuma ya wale waliowataka, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa tena. Mpangaji alisimama akionwa na mwenye nyumba, na karani akionwa na mkubwa wake. Tena mstari mrefu uliweza kutangazwa kuwa mfupi, na kwa kuwa hakuna karatasi, hapakuwa na cha kuhesabu upya. Katika kiti jirani cha Starehe, Bwana Charles Rubia, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alikuwa miongoni mwa walioangushwa kwa njia hiyo.

Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa. Bwana Wanjigi, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, alisema hadharani kwamba watu wake wameonewa, na kwa kusema hivyo akaupoteza uwaziri. Julai mwaka huo Bwana Rubia na Bwana Kenneth Matiba waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji siku ya Saba Saba. Walikamatwa siku tatu kabla, lakini watu walikwenda, na katika fujo zilizofuata wakafa si chini ya 20. Mwisho wa mwaka ule mlolongo ukaachwa. Tarehe 16 Novemba 1991 mkutano mwingine ulijaribiwa uwanjani hapo hapo, ukazuiwa. Na mwezi uliofuata Bunge likaruhusu vyama vingi.

Desemba 1992 kura ya siri ikarudi. Kamukunji ilimchagua Mzee George Nthenge, Mkamba, mmoja wa wazee sita walioanzisha FORD. Mwaka 1997 na 2002 ilimchagua Bwana Norman Nyagah, ambaye kwao ni Mbeere. Uchaguzi wa 2007 ulipelekwa mahakamani ukafutwa, na katika uchaguzi mdogo wa Agosti 2011 akashinda Bwana Yusuf Hassan, Mkenya wa asili ya Kisomali. Desemba 2012 alijeruhiwa vibaya miguuni kwa bomu la mkono huko Eastleigh, na watu wengine wakafa. Kabla hajapona sawasawa, watu walimrudisha Bungeni Machi 2013, na tena mwaka 2017 na 2022.

Hatusemi kwamba katika mitaa hii kabila halihesabiwi. Linahesabiwa, na nguvu ya chama cha siasa imempitisha mtu mara nyingi kuliko sifa zake mwenyewe. Lakini Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, mtu wa Mbeere na Msomali wote wamewakilisha mitaa hii hii. Chama kama chetu, kingempigia hesabu mtu wa kwetu peke yake, kingekuwa kimekosea karibu kila mara.

Kwa hiyo shauri letu kwa mkutano ni mambo mawili. Kwanza, mwanachama akaaye hapa siku zote na aandikwe hapa. Maji, taka, shule na usalama anaouhitaji mtoto wake viko hapa. Na kura iliyo mbali haiwezi kumwuliza mjumbe wa hapa neno lolote. Anayeishi zaidi kwao na aandikwe kwao, wala asilaumiwe. Pili, chama hiki kisimwamuru mtu kura yake. Kazi yetu ni kuzikana, kusomeshana na kupatanisha. Siku tutakapoanza kuuliza nani amempigia nani, tutakuwa tumerudisha mlolongo wa 1988 ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Nairobi ina barabara ya Argwings Kodhek, na ina mtaa wa Tom Mboya. Wanachama wetu huzipita kila siku wakienda kazini. Washindani wawili wa mwaka 1957 wamepewa heshima na mji mmoja, na mji ule haukuwauliza walitoka wapi. Mzee wetu aliyeuliza kama tu wageni au wenyeji, jawabu letu ni hili: tu wenyeji, nasi tulikwisha kuandikwa hivyo katika daftari la wapiga kura kabla wengi wa watoto wetu hawajazaliwa.

Ni sisi, Halmashauri yenu.